Damu ya Mtani

Siku ya kumzika Gaspari Luhanga, mtani wake Hilari Mbano aliingia kaburini kabla ya jeneza, akajinyoosha chali, akakunja mikono kifuani na kutangaza kwamba hatoki.

"Hapa nimeshapata usingizi," alisema kutoka kule chini. "Nyie Wahehe mkitaka kumlaza mtu wenu, leteni ulanzi kwanza. Na kuku. Nimesema kuku, siyo mbwa! Nawajua mlivyo."

Watu waliangua kicheko. Adelina, mjane wa Gaspari, alicheka huku machozi na kamasi vinamtiririka, akahisi kwa mara ya kwanza tangu juzi kwamba bado yu hai. Ndivyo Wangoni na Wahehe wanavyozikana tangu mababu walipochoka kuchomana mikuki. Mtani anakuosha, anakuchimbia kaburi, anavaa koti lako na kuiga ulivyokuwa ukitembea, na wenye msiba hawana ruhusa ya kununa. Ulanzi, ile pombe ya mianzi, ukaletwa, kuku akaletwa, Hilari akatoka kaburini akijipangusa vumbi na kulalamika kwamba kuku mwenyewe ana miguu kama ya Mhehe.

Lakini ule ulikuwa mwaka wa mkaango, homa iliyomuua Gaspari, na sheria ilikuwa kali. Aliyekufa kwa homa ile haguswi. Idara ya Afya ilikuwa na mashine zake za kuzika, madude ya magurudumu na mikono ya chuma: linakuja, linakutia kwenye mfuko, linakufukia, linageuza linaondoka, hata amina hupati. Dude moja lilifika asubuhi ile nyumbani kwa Luhanga. Watani walilifukuza kwa mawe. Hilari alisimama mlangoni, mfupi, kifua mbele, akasema mtani wake haoshwi na trekta. Kisha yeye na wenzake wakamwosha Gaspari kwa mikono mitupu, wakimsimanga maiti kwamba tangu azaliwe hajawahi kutakata vile.

Adelina angeweza kuwazuia. Yeye ni daktari, tena si daktari wa kupima presha. Kazi yake ni kuchunguza kingamwili, wale askari wa damu wanaokamata magonjwa. Alijua mkaango unavyoambukiza kuliko mtu yeyote pale msibani. Alinyamaza. Alitaka mumewe azikwe kama mtu.

Kabla mwezi haujaandama, wenzake Hilari waliomwosha Gaspari walikuwa wameungua. Hivyo ndivyo mkaango unavyoua: mtu anapikika kutoka ndani, ngozi haigusiki, maji yanakauka juu yake. Waliondoka mmoja baada ya mwingine, na Hilari akawazika, akaimbisha kwaya yake kwenye kila msiba, na yeye mwenyewe hakupiga hata chafya.

Adelina alipolisikia hilo, akaacha kulia. Akaenda Songea, nyumbani kwa Hilari, akamwomba damu kidogo ya kupima.

"Damu ya Mngoni," Hilari alisema akikunja shati. "Angalia usilewe."

*

"Hii hapa," alisema Profesa Ndelwa, na kuikuza picha mpaka ikajaa ukuta mzima wa maabara.

Profesa Ndelwa alikuwa mkuu wa Taasisi ya Visima, alikofanya kazi Adelina, mzee mwembamba aliyevaa sweta hata jua likiwaka. Kwenye ukuta ulikuwa umesimama muundo wa kingamwili moja ya Hilari, umbo la manati, na kwenye ncha ya mkono mmoja ulitokeza uzi mrefu usio wa kawaida.

Adelina aliutazama, akavuta kiti akakaa.

Mwili wa binadamu haujui ni adui gani atakuja kesho, na haukujaliwa kutabiri. Kwa hiyo unabahatisha. Ndani ya uboho wa mifupa, kila chembe nyeupe changa inayojiandaa kutengeneza kingamwili inashika mkasi na kuzikata jeni zake yenyewe. Kuna mafungu matatu ya vipande. Chembe inachomoa kimoja fungu la kwanza, kimoja la pili, kimoja la tatu, inatupa vilivyokaa katikati, kisha inaunga. Na inaunga vibaya, kwa makusudi kabisa: kwenye maungio inachomeka herufi za ovyo ambazo hukurithi kwa baba wala kwa mama. Ndiyo maana hata mapacha waliotoka yai moja hawana kingamwili zinazofanana. Mamilioni kwa mamilioni ya chembe, kila moja na ufunguo wake, na nyingi zinakufa bila kulikuta kufuli lao.

Chembe moja ya Hilari Mbano, haijulikani lini, labda akiwa mtoto, labda mwaka juzi, ilikata, ikaunga, na maungio yakatoka marefu kupita kiasi. Yakawa kama kidole cha ziada. Virusi vya mkaango hubadili koti kila msimu, ila vina kijishimo kimoja ambacho haviwezi kukibadili, kwa sababu ndicho vinachotumia kumshika mtu. Kingamwili za watu wengine zilikuwa zinaishia ukingoni. Kidole cha Hilari kilifika mpaka chini.

"Tuitengeneze kwenye matangi," alisema Adelina.

"Tumeshatengeneza ulipokuwa kwenye matanga. Matangi yanatoa nakala ya leo. Msimu ukigeuka, kirusi kinasogea kidogo, na nakala yetu inakuwa maji. Kingamwili inataka kunolewa kila mara, na kunoa huko hakuna tangi linaloweza. Ni mitoki tu, zile tezi za shingoni na kwapani za mtu aliye hai."

"Waliojitolea kwa majaribio je? Tuwape wao jeni zake."

"Tumewapa. Miili yao imeziua." Profesa alivua miwani, akaifuta kwa sweta. "Unajua mwenyewe, mwili una ukaguzi. Kingamwili ikionekana ina dalili ya kumrukia mwenyewe, inauawa ingali changa. Hii ina kidole kirefu hivi, kila mwili unaiogopa. Isipokuwa wa huyo mwalimu wako wa kwaya. Wake umeizoea. Kwa nini, sijui, na nikijua haitusaidii. Ni yeye, Adelina. Hakuna mwingine, na damu yake ilivyo sasa haitoshi hata wodi moja."

Adelina alijua neno linalofuata, na alijua ni nani aliyelileta duniani. Yeye ndiye aliyebuni Kisima. Alikuwa kijana, amejaa sifa, magazeti yanampiga picha. Kisima ni kirusi kilichofugwa ambacho huingizwa kwenye uboho wa mtu, kikazipokonya chembe changa zote mkasi wao, kikaziandika mpangilio mmoja tu. Kuanzia siku hiyo mtu huyo hatengenezi kingamwili nyingine yoyote. Anatengeneza moja, kwa wingi wa kutosha nchi nzima, na mitoki yake inainoa mchana na usiku. Wanamchota kama maji, naye mwenyewe anaitwa Kisima.

Na mengine yote mwili wake unayasahau. Surua aliyougua utotoni, mafua ya kila kipupwe, vidonda, kikohozi, kila vita ambayo damu yake iliwahi kupigana ikashinda, vyote vinafutika. Kisima wa kwanza, mama mmoja wa Makambako, aliishi nyuma ya kioo akifuma vitambaa, mpaka siku mhudumu mmoja alipoingia na mafua ya kawaida kabisa. Yalimshukia kifuani. Mama yule alikufa huku Adelina amesimama upande wa pili wa kioo.

"Nitamwomba," Adelina alisema mwishowe. "Nitamkalisha chini nimweleze kila kitu. Asipotaka, basi."

"Mwombe," alisema Profesa Ndelwa. "Ila ukitoka hapa pitia wodi ya watoto."

Alipitia. Alikuta watoto wamelazwa kwenye mashuka yaliyolowa maji, na mama zao wanawapepea kwa vifuniko vya ndoo kwa kuwa hawaruhusiwi kuwashika. Hakukuwa na kelele. Mtoto mwenye mkaango halii, koo limekauka. Adelina alitoka pale amekata shauri kwamba Ijumaa, siku ya kuondoa matanga ya Gaspari yaliyocheleweshwa na misiba ya watani, atazungumza na Hilari.

*

Hapa lazima nieleze habari ya Shahidi, maana bila yeye hadithi hii isingekuwa na ubaya wake.

Zamani watu walikuwa wanatia dole gumba. Ikaja kugundulika hospitali fulani fulani zilikuwa zinawagongesha watu dole wakiwa wamezimia. Fujo ikawa kubwa, Bunge likatunga Sheria ya Neno: karatasi basi. Mtu atakubali kwa mdomo wake, mara tatu, mbele ya Shahidi. Shahidi ni kifungo cheusi kwenye kola ya kila daktari. Kinasikiliza sauti, kinapima pumzi, kinayasoma mapigo ya moyo ya anayesema. Mtu aliyetishwa, kinajua. Mlevi, kinajua. Anayesema kwa moyo mweupe, bila hofu wala shinikizo, kinamwakia kijani, na hapo neno limeshapita, halina cha kesho nitafikiri. Aliyeomba ndiye pekee anayeweza kulifuta, tena kabla kazi haijaanza.

Wenye akili waliokitengeneza walikifundisha kila kitu isipokuwa utani. Nadhani hawakuwa na watani, maskini.

Siku za msiba Adelina alikivua kifungo kile akakiacha kabatini. Ijumaa ya kuondoa matanga alikivaa. Alijiambia ni kwa ajili ya kufuata utaratibu, kwamba akishamweleza Hilari yote, na Hilari akaridhia, asije akahangaika tena kurudia.

Hilari alifika amevaa koti la Gaspari, lile la kahawia, mikono imemfunika vidole. Akapita uani akitembea kwa kuvuta mguu kama alivyokuwa akitembea marehemu, akikohoa kikohozi cha marehemu, akiuliza nani kahamisha redio. Mashangazi walicheka mpaka wakaomba maji. Adelina alimsubiri amalize, akamfuata kwenye benchi karibu na jiko la nje, walipokuwa wanawake wanasonga ugali.

"Mtani, nina jambo," alisema.

"Kama ni kuolewa, nimeshaoa. Na mke wangu Mngoni, atakupiga."

"Hilari, ni jambo zito."

"Leo hakuna zito. Leo tunaondoa matanga, mzito arudi Jumatatu." Akasogea, akampisha benchi. "Kaa. Umekonda mpaka unafanana na kile kikuku mlichonipa kaburini."

Alikuwa na haki. Siku ile mtani ana kazi ya kuuvunja uzito wowote unaonyanyua kichwa, na Hilari aliifanya kazi yake vizuri kuliko wote. Adelina alijaribu tena. Alisema habari ya ile damu aliyopima, akasema imeonekana ina kitu, na Hilari akapiga paja akawatangazia wanawake wa ugali kwamba mmesikia, damu ya Mngoni ina kitu, ya Mhehe ina supu.

Wanawake wakacheka. Adelina naye akacheka, na katikati ya kicheko kile, jamani, shetani akampitia.

"Basi nakwambia naitaka damu yako," alisema, sauti ameilegeza, imekuwa ya utani. "Utanipa?"

"Ndiyo! Chukua! Ulanzi wenu wenyewe ndio umejaa humo."

"Na uboho wa mifupa yako? Niugeuze wote?"

"Ndiyo, mtani, geuza. Pindua kama chapati."

Tusidanganyane hapa. Adelina alijua anachokifanya. Aliijua ile sheria, aliyajua maneno ambayo ombi lazima liwe nayo, na alipofika swali la tatu aliyapanga moja moja, huku anatabasamu.

"Na maisha yako yote yaliyobaki uje ukae kwetu, nyuma ya kioo, tukuchote mpaka ufe?"

Hilari aliinua kikombe cha ulanzi ambacho hajakionja bado, akatazama juu kama padri. "Ndiyo, Mhehe wewe! Mradi msinichanganye na mbwa kwenye sufuria."

Kicheko kilisikika mpaka barabarani. Kwenye kola ya Adelina, Shahidi akawaka kijani. Alikuwa ameyapima mapigo ya Hilari akayakuta yametulia kabisa, mapigo ya mtu mwenye furaha aliyekaa na watu anaowaamini.

"Mtani," Hilari alisema akimwonyesha kwa kidole, "kola yako imeota nyasi."

Adelina alifunika kifungo kwa kiganja, akasema anaenda kuangalia ugali.

*

Watu wa Taasisi walimchukua mchana, kanisani, katikati ya mazoezi ya kwaya. Waliokuwapo wanasimulia kwamba Hilari alipoona gari jeupe na wale watu waliofunika nyuso, alicheka. "Watani zangu wamekuja kunila," aliwaambia wanakwaya wake. "Endeleeni. Sauti ya pili mnaburuta." Akapanda gari mwenyewe, na kijiti chake cha kuongozea kwaya amekichomeka mfukoni.

Njia nzima alikuwa anawatania wale walinzi. Walipomnyoa nywele aliwauliza kama watauza. Walipomwingiza kwenye chumba cha kioo ndipo alipoanza kuuliza maswali, na yale maswali yalikuwa ya kawaida tu ya mtu mzima: hapa nakaa mpaka saa ngapi, na nani kamwarifu mke wangu.

Kesho yake kikakaliwa kikao cha uthibitisho. Sheria inataka hivyo. Alikuja Msajili wa Neno, Bi. Shemdoe, mwanamke wa makamo aliyezungumza polepole. Upande mmoja wa meza alikaa Profesa Ndelwa, upande wa pili Adelina. Hilari aliketi ng'ambo ya kioo, sauti yake ikitoka kwenye spika ya ukutani.

Bi. Shemdoe alifungulia sauti aliyoihifadhi Shahidi. Chumba kikajaa kicheko cha wanawake, mlio wa mwiko kwenye sufuria, na ndiyo, na ndiyo, na ndiyo. Ikaisha.

"Bwana Mbano, hiyo ni sauti yako?"

"Ni yangu, mama." Hilari alijaribu kutabasamu. "Lakini huyu ni mtani wangu. Tulikuwa tunaondoa matanga. Hata ningeulizwa kama naolewa na mbuzi siku ile ningesema ndiyo."

"Naelewa. Hata sisi tuna watani." Bi. Shemdoe alisema hivyo kwa upole wa kweli, kisha akatikisa kichwa. "Tatizo Shahidi anasema ulisema kwa hiari. Hakuona hofu, hakuona ulevi. Mimi sina mamlaka ya kumpinga. Mwenye mamlaka ni mmoja tu, aliyeomba." Akamgeukia Adelina. "Daktari Luhanga, nakuuliza. Siku ile ulikuwa unatania?"

Lilikuwa swali jepesi. Neno moja lingetosha, Hilari akarudi Songea kabla jua halijazama, akalala kwake. Adelina angeweza kusema ndiyo nilikuwa natania, kisha akamwomba upya, pale pale, kwa uso mkavu, amweleze kila kitu kama alivyoahidi: uboho, kioo, mafua ya yule mama wa Makambako. Wala hakuwa amelisahau hilo. Alilifikiria. Akaona Hilari akimtazama na kusema hapana, kama ambavyo mtu yeyote mwenye akili timamu angesema, na ile hapana ingekuwa ya mwisho, na wodi ya watoto iko ghorofa ya chini.

Kwa hiyo hakuogopa kumwonea. Aliogopa kukataliwa. Ni vitu viwili tofauti, na baadaye aliishi sana na tofauti hiyo.

Hilari, kule nyuma ya kioo, alikuwa ameanza kucheka tena, kicheko kidogo cha kumsaidia. "Waambie, mtani. Waambie basi, nina mjukuu hajaanza hata kutambaa, nikichelewa atanisahau."

"Sikuwa natania," alisema Adelina.

Hilari akacheka zaidi. Akapiga kioo kwa kiganja. "Unawaona Wahehe! Mpaka kwenye kesi anaendeleza! Haya, umeshinda, mtani, nakupa ng'ombe. Sasa waambie ukweli."

"Sikuwa natania, Bi. Msajili. Nilimwomba, naye alikubali."

Bi. Shemdoe alimtazama kwa muda mrefu kuliko kazi yake ilivyohitaji. Kisha akaligongea neno lile muhuri wa uthibitisho, akakusanya vitu vyake, akatoka bila kumuaga mtu. Profesa Ndelwa alijifanya anatafuta miwani aliyoivaa.

Kicheko cha Hilari hakikukatika ghafla. Kilipungua kidogo kidogo. Alikuwa anautafuta uso wa Adelina, anatafuta lile jicho analokonyeza mtani mzaha ukizidi, na akaendelea kulitafuta hata walipoingia wahudumu na sindano.

*

Mkaango ulirudi nyuma msimu ule. Walianza na watoto. Damu iliyochotwa kwa Hilari ilichujwa, ikagawanywa kwenye vichupa vidogo, na wale waliokuwa wamelala kwenye mashuka ya maji wakaanza kutoka jasho, kisha wakaanza kulia, na mama zao waliposikia kilio walipiga vigelegele mpaka walinzi wakaja mbio wakidhani kuna moto. Msimu ukageuka, kirusi kikasogea, mitoki ya Hilari ikainoa kingamwili ikakifuata. Msimu mwingine tena. Yale madude ya kuzika yakapata kutu.

Adelina alisifiwa tena kwenye magazeti. Watu walimsimamisha sokoni kumshukuru, wengine wakimwonyesha watoto wao, wanono, wenye afya, na yeye aliwashika vichwa watoto wale akasema Mungu awakuze. Usidhani alikuwa anaigiza. Alifurahi kweli kuwaona.

Kwenda kumwona Hilari alishindwa. Kila wiki alipanga, kila wiki akapata sababu. Aliuliza habari zake kwa wahudumu: anakula, halalamiki, hatanii. Mke wake anakuja na mjukuu, wanakaa upande wa pili wa kioo, mtoto siku hizi anatembea. Ile kwaya ilijaribu kumwimbia siku moja kupitia spika, akawanyooshea mkono waache, kwa sababu spika ilikuwa inachelewesha sauti na hakuweza kuwaongoza.

Ilikuwa asubuhi moja ya kipupwe Adelina alipopiga moyo konde akaenda. Alikuwa amejiandaa. Aliwaza Hilari atamtukana, na alitamani atukanwe. Matusi ya mtani ni mali, angeyapokea yote. Tena alikuwa na swali amelibeba muda mrefu: ningekuomba sawasawa, mtani, ungenipa? Alitaka kulisikia jibu hata kama ni jibu la kumuua.

Hilari alikuwa amekaa kitandani, amempa kioo mgongo. Kichwa chake kilikuwa kimeota mvi fupi. Adelina alibonyeza kitufe cha spika, akamwanza kwa namna walivyokuwa wakianzana siku zote.

"We Mngoni! Nasikia unanenepa tu humu. Mababu zenu walikimbia kutoka kusini kote kule, kumbe walikuwa wanatafuta pa kulala bure?"

Alisubiri.

Hilari aligeuka. Alipomwona ni yeye, alisimama. Alifunga kifungo cha juu cha shati la hospitali, akavaa kandambili zake, akaja mpaka karibu na kioo, akasimama mikono ameiunganisha mbele na macho ameyateremsha sakafuni. Alikuwa amempita Adelina miaka mingi, mtu wa rika la kaka zake wakubwa, na katika kujuana kwao kote, misibani na harusini, hakukuwahi kupita heshima kati yao hata siku moja. Mtani haheshimiwi. Unamheshimu mgeni.

"Hilari," alisema Adelina. "Nitukane. Nakuomba."

"Shikamoo, Daktari," alisema Hilari.

Mhudumu aliyekuwa anapiga deki ukumbini alisimama na dekio lake, akageuka kutazama. Hilari hakuinua macho. Hakukuwa na hasira usoni mwake wala kejeli kwenye sauti, alikuwa amesimama tu pale, mzee mwenye adabu, anangoja kujibiwa, na ilikuwa wazi kwamba angengoja mpaka jioni.

Adelina aliutafuta utani wowote moyoni mwake, hata mmoja, akakosa.

"Marahaba," alisema.